Kingo za Kipande cha Kumi na Saba

Ukucha wa shangazi ulikifuata kijito kutoka chini kwenda juu, polepole, kisha ukasimama. Alikuwa ameinamia karatasi mpaka nikaogopa pua yake ingeugusa wino. Nilimwalika ofisini ajionee kiwanja chake kwenye ramani niliyoitengeneza mimi, ajivune kidogo, anywe chai, aende zake. Sasa alikuwa amesimama mezani pangu ananikagulia kazi.

"Hiki kinatoka wapi?" aliuliza.

"Kinaanzia hapo, shangazi."

"Hapo wapi? Hapa hakuna mlima, hakuna chemchemi. Kimeanza tu." Akausogeza ukucha kulia, upana wa vidole viwili. "Na hiki nacho kimeanza tu. Na hiki. Vyote vimepanga foleni."

Nilikuwa nimeviona. Siwezi kujifanya sikuviona, maana macho yangu hayana adabu, hayapiti mahali bila kuchokonoa. Kwa siku tatu nilikuwa nikivirudia vile vijito vitano visivyo na majina, na nilishaweka hata rula: vyanzo vyake vyote vilikaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, wa mashariki kwenda magharibi. Nilijiambia ni mwamba. Nilijiambia labda udongo umebadilika pale. Mtu aliyemaliza kazi ya siku tisa na kupigiwa makofi mbele ya wenzake hakosi la kujiambia.

"Ni aina ya udongo," nilimwambia.

"Udongo unaotumia rula," alisema shangazi, akavaa miwani yake.

Nasimulia mambo ya zamani kidogo. Siku hizi hesabu kama ile unaiagiza kwenye kompyuta za mbali usizowahi kuziona, unakwenda kunawa mikono, ukirudi imeiva. Wakati ule idara yetu ya ramani ilikuwa na vyumba sita, printa moja kubwa yenye kikohozi, na agizo moja zito: kabla ya mvua tuonyeshe maji yatapita wapi katika bonde zima la mto. Kaya arobaini na tatu zilizoishi ukingoni zilikuwa zihamishwe. Uwanja wa kuhamia ulishapatikana, tambarare, jirani na bomba. Vigingi vilishapigwa na watu walishagawana viwanja kwa kura. Kilichobaki ni ramani yangu kusema kama uwanja ule uko salama, nayo ilisema uko salama. Kamati ingekaa Ijumaa kuidhinisha, na wiki inayofuata watu wangeanza kuchimba misingi.

Shangazi alikuwa mmoja wao. Kura ilimpa namba tisa, kona ya safu ya chini, hatua chache kutoka bombani. Kwa mwanamke mwenye magoti mabovu, aliyebeba ndoo tangu msichana, ilikuwa kama ameambiwa apumzike. Alishaichora nyumba yake kwa penseli, kwa vipimo, na dirisha la jikoni alishalizungusha mara tatu.

Tatizo letu sisi lilikuwa wingi. Setilaiti ilikuwa imelipima bonde lote, na kila mraba wa mita thelathini kwa thelathini ulikuwa na namba yake ya mwinuko. Namba hizo zilikuwa mamilioni kwa mamilioni. Kazi yenyewe ukiisikia ni ya kitoto. Unauliza kila mraba: tone likikuangukia, litateremkia kwa jirani yako yupi kati ya wanane? Halafu unauuliza tena: kwako wewe yamepita matone ya miraba mingapi? Panapopita ya wachache ni pakavu, panapopita ya wengi ni mkondo, na mvua kubwa ikija hapo si pa kukaa. Kompyuta moja ya ofisi ingefanya kazi hiyo miezi minne, kama isingekufa njiani.

Kompyuta kubwa tuliyoiomba haikuja. Aliyejitokeza ni Nyaya, fundi mitambo wetu, mtu mwembamba wa mashati yasiyopigwa pasi, ambaye jina lake la kweli sikumbuki kama niliwahi kuambiwa. Alizunguka ofisi za jirani akakusanya mashine zilizotupwa stoo, akazipangusa vumbi, akaziunganisha kwa waya katika chumba cha zamani cha kuhifadhia karatasi. Zilifika kumi na moja. Akazipa vyeo vya ukoo na kuvibandika kwa plasta. Kaka Mkubwa ilikuwa na nguvu kuliko zote. Mkwe hukuruhusiwa kuigusa ovyo. Shemeji ilikula umeme mwingi na kuzimika ikijisikia. Babu ilifanya kila kitu sawasawa, ila kwa wakati wake.

Mimi nikalikata bonde vipande arobaini na vinane. Kila mashine inachukua kipande, inakihesabu peke yake, inakirudisha, inachukua kingine. Babu akimaliza viwili, Kaka Mkubwa ameshamaliza saba, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nilipenda kusimama mlangoni nikisikiliza mafeni yale kumi na moja yakivuma, kila moja na sauti yake, nikifikiria kwamba humo ndani mvua inanyesha bonde zima kwa wakati mmoja na hakuna anayelowa. Vipande vilipounganishwa mshono haukuonekana, maana kila kimoja nilikikata na safu moja ya ziada ya jirani ili miinuko ishikane. Mto mkubwa wenyewe tuliuchukua kwenye ramani ya zamani ya upimaji tukaulaza juu, kwa hiyo nao ulipita bila kukatika. Kwa jicho la kawaida kazi ilikuwa safi.

"Mlikata wapi?" shangazi aliuliza.

Nikamwonyesha mistari ya vipande kwenye skrini. Ile foleni ya vijito ilikaa kwenye ukingo wa juu wa kipande cha kumi na saba, pale pale, bila kukosea hata mraba. Nilisikia masikio yanapata moto.

Lazima nieleze kwamba shangazi hakuwa mgeni wa nyumba ile. Alifanya kazi katika idara yetu miaka ishirini na sita, mchora ramani, enzi za kalamu ya wino na wembe wa kukwangulia makosa. Walikuwa kumi na wawili ukumbini, kila mmoja na karatasi yake na kipande chake cha nchi. Alidai meza yangu iko palepale ilipokuwa yake, ila yangu ni chafu zaidi.

"Na Alhamisi yenu?" aliniuliza.

"Alhamisi gani?"

"Ya kusomeana kingo."

Sikuwahi kuisikia. Akavuta kiti akakaa, na niliona wazi kwamba amefurahi kwa mimi kutojua. Kila Alhamisi mchana, alisema, kalamu zilikuwa zinawekwa chini. Majirani wa karatasi wanakaa wawili wawili, karatasi zimelazwa bega kwa bega. Mmoja anasoma kwa sauti kila kinachotoka kwake: barabara, sentimeta nne kutoka kona, kijito, sentimeta kumi na moja, kimeshapokea vitatu. Mwenzake anatafuta kwenye ukingo wake, kisha anajibu nimepokea, au sina. Akisema sina, wote wawili wanarudi kwenye daftari za wapimaji mpaka ijulikane nani amepotea.

"Mimi na yule wa karatasi ya kaskazini tulinuniana miaka miwili," alisema. "Kisa rula yangu. Hatusalimiani, chai hatunywi pamoja. Lakini Alhamisi anakaa, amenipa mgongo, ananisomea kingo. Nami namjibu, nimepokea. Tukimaliza tunarudi kwenye kununa kwetu."

"Na msiposomeana?"

"Husaini. Karatasi inakukalia mezani mpaka iote ukungu." Akageukia ramani yangu. "Hawa wako kumi na mmoja, nani alimsomea nani?"

Hakuna aliyemsomea mtu. Nililiona kosa lote kwa mara moja, na nilitamani nisingekuwa nimeliita udongo. Miinuko nilikuwa nimeishona vizuri, lakini hesabu ya maji kila kipande kilianza na sifuri. Milima yote ya kaskazini ilikuwa imeteremsha maji yake mpaka ukingo wa kipande cha kumi na saba, na pale mpakani yakamwagwa, tone kwa tone, hakuna aliyeyapokea. Kumi na saba kikaanza upya kama mtu asiye na wazazi. Makorongo makavu yanayokumbukwa na mvua mara moja kwa miaka kadhaa yalifutika kwenye ramani, na uwanja wetu ulikuwa ndani ya kipande hicho hicho.

Shangazi alikuwa ameshaitafuta namba tisa kwa ukucha.

"Iko chini ya huo mstari," alisema.

"Ndiyo."

"Mbali?"

"Kilometa mbili na nusu."

Akauchukua mkoba wake. Chai hakuigusa. Mlangoni akasimama kidogo, akasema, "Leo Jumanne," akaenda zake.

Nyaya nilimkuta amelala chali chini ya meza ya Mkwe, bisibisi mdomoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama penye miguu yake, haraka haraka, na aibu ikinifanya niwe mkali kama vile yeye ndiye aliyekosea. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ukoo mzima umekaa chumba kimoja siku tisa," alisema, "na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu."

"Hakuna."

"Kama kwetu tu."

Siku tisa nyingine hatukuwa nazo. Pona yetu ni kwamba sehemu kubwa ya zile siku ilikwenda kwenye kusafisha namba na kutafuta maji yanaelekea upande gani, na hayo yalikuwa sahihi. Kilichoharibika ni kuhesabu. Jumanne yote iliyobaki niliandika upya programu, nikiwa na maneno ya shangazi kichwani. Kila kipande kikimaliza kuhesabu kitaandika barua kwa jirani zake: kutoka mraba wangu fulani wa ukingoni, maji kiasi fulani yanakuja kwako. Jirani atayapokea, atayajumlisha njia yote yanakopita kwake, na yakitokea upande wa pili naye ataandika barua. Tutakwenda raundi baada ya raundi, mpaka ifike raundi ambayo hakuna mwenye la kumwambia jirani.

Tulianza Jumatano asubuhi. Raundi ya kwanza zilitoka barua elfu thelathini na moja. Ya pili, elfu kumi na tisa. Nilivuta kiti katikati ya chumba na sikutaka kutoka hata kwa chakula. Niliweza kuchagua mraba mmoja kileleni kaskazini na kuyafuata maji yake: sasa yako kipande cha tatu, sasa cha kumi na moja kimeyapokea, sasa kimeyaongezea ya kwake. Kuna kipande kilichompa mwenzake maji, mkondo ukazunguka kilima, ukamrudia yule yule wa kwanza kwa kona nyingine. Sikujua nchi inafanya hivyo. Nilikuwa na hofu ya Ijumaa, lakini ukweli ni kwamba siku ile niliisahau kwa masaa mengi, maana kila barua niliyoifungua ilinifundisha kitu.

"Unacheka peke yako," Nyaya aliniambia.

"Njoo uone hiki."

Akaja, akaona, akavuta naye kiti.

Alhamisi saa nne asubuhi zilibaki barua mia mbili na kumi na mbili. Shemeji ikachagua saa hiyo kuzimika, na kipande ilichokuwa nacho mkononi ni cha kumi na saba. Nyaya aliifungua, akaibembeleza, akaitukania ukoo, haikuamka. Wengine wote walikuwa na kazi.

"Aliye huru ni Babu," alisema Nyaya, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

Tukampa Babu. Nilikaa mbele ya mashine ile tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri, nikiangalia kistari kinachoonyesha kazi ilipofikia, nacho kikisogea kwa namna ya mtu anayepanda ngazi huku akisalimia kila mlango. Sijawahi kuheshimu mtu mzima kiasi kile. Saa tisa na dakika kumi raundi ilifungwa na barua zilikuwa sifuri.

Nikafungua kipande cha kumi na saba. Vile vijito havikuanza tena kwenye ukingo. Viliingia kutoka juu, vikiwa vimebeba milima yote. Viwili vya kati vilikutana juu kidogo ya uwanja, vikawa kimoja, nacho kilipita kwenye viwanja vyetu upande wa chini, kikachukua safu mbili nzima na sehemu ya safu ya tatu. Namba tisa ilikuwa katikati ya rangi ya buluu.

Nilifurahi. Hilo linaniudhi mpaka leo, kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, kwa vile ilikuwa kweli, ilikuwa nzuri, na mistari ya kukata ilikuwa imetoweka. Furaha ilidumu labda dakika moja. Kisha nikamwona shangazi na penseli yake akizungusha dirisha la jikoni. Nilishika simu mara mbili nikaiweka. Nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa, nilimhurumia.

Ijumaa asubuhi nilimpelekea mkuu wa idara ramani zote mbili. Alikuwa mtu mpole aliyechoka, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake sambamba akiwa na wasiwasi.

"Jumatatu ulinipa ramani," alisema, huku akizipanga. "Ijumaa unanipa nyingine. Jumatatu ijayo utaniletea ya tatu?"

"Hapana, mkuu. Ya kwanza nilikosea mimi. Hii tumeikagua."

"Tumeikagua wewe na nani?"

"Na Nyaya." Nikafikiria. "Na mashine kumi."

Alizikunja ramani, akaingia nazo mkutanoni na mimi nyuma yake.

Kamati ilikuwa watu wanane kuizunguka meza ndefu, na upande wa dirisha walikaa wawakilishi watatu wa zile kaya. Shangazi alikuwa wa katikati, kitambaa chake kizuri kichwani. Hakuniangalia. Kulia kwake alikaa jirani yake wa siku nyingi, fundi cherehani, mtu wa kelele aliyepata kiwanja safu ya kwanza. Nilieleza kosa langu nikiwa nimesimama. Nilieleza bila kupunguza, hata ile sehemu ya kusema nilisahau kuunganisha hesabu.

Fundi cherehani hakunisubiri nikae. "Uwanja ule tumeukanyaga wote," alisema. "Vumbi tupu. Huyu binti leo anatuambia mto, Jumatatu alituambia hakuna mto. Watu wameshafunga mizigo. Mvua inakuja, na tulipo sasa tunapajua panavyokuwa. Tunakwenda wapi?"

"Kilimani," alisema mmoja wa kamati. "Kile cha mawe."

"Bomba litapanda huko?"

Mkuu alizipanga kalamu zake. Kisha, nadhani kwa kukosa pa kushika, akamgeukia shangazi. "Mama, wewe nyumba hii uliitumikia kabla yetu. Kazi hizi unazijua. Wewe unasemaje?"

Chumba chote kilimgeukia. Angeweza kusema lolote. Angesema ramani za wino hazikuonyesha mkondo pale, na hilo lingekuwa kweli, maana mpimaji aliyepita pale alipita kiangazi. Angesema mtoto wa kaka yake bado mchanga kazini. Kamati ilikuwa inataka sana mtu wa kuiambia iendelee, na uzito wa neno lake ungetosha. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, kuna sehemu yangu iliyotaka aseme.

Aliitazama ramani mpya mezani. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Kingo zimesomwa?" aliniuliza.

"Zimesomwa, shangazi."

"Zote?"

"Zote. Mpaka hakuna aliyebaki na neno."

Akafungua mkoba akatoa karatasi ya kura, iliyokunjwa mara nne, yenye namba tisa. Akainyoosha kwa kiganja, akaisukuma katikati ya meza.

"Basi uwanja ule haufai," alisema.

Walihamia kilimani wiki mbili baadaye. Ilikuwa nusu saa kwa miguu kutoka bombani, ardhi ya mawe ambayo jembe likiigusa linalia, na upepo uliokuwa unaingia nyumba zote bila kubisha hodi. Shangazi alipata kiwanja kidogo cha pembeni. Alijenga, ila si nyumba ile ya penseli, kwa sababu mteremko haukuiruhusu. Kwa wiki sita hakupokea simu zangu.

Mvua zilikuja mwaka ule. Ukingo wa zamani ulifurika kama ilivyotarajiwa, na uwanja wenye vigingi ulibaki mkavu. Mwaka wa pili ulibaki mkavu. Wa tatu nao hivyo hivyo, na mbuzi wakawa wanachungwa pale. Shangazi alianza tena kunipigia simu, kila msimu wa mvua, kwa kazi moja tu.

"Nimekwenda kumwangalia mto wako," alikuwa anasema.

"Anaendeleaje?"

"Amelala. Mbuzi wanamkanyaga."

"Shangazi, si kila mwaka. Hesabu inasema mvua kubwa sana, ile ya mara moja kwa—"

"Nasikia. Magoti yangu ndiyo hayasikii."

Kisha anabadilisha mada, ananiuliza kama nimekula, kama nimepata mchumba au bado naishi na mashine za Nyaya. Sikuwahi kujua kama ananitania au ananilaumu. Nilikuwa nikimsikia akihema baada ya kupanda na ndoo, na maneno yote niliyokuwa nayo kuhusu wastani wa miaka ishirini na mitano yalikuwa hayafai kitu. Niliomba, si mara moja, kwamba maji yaje. Ukifikiria vizuri ni dua mbaya.

Alifariki mwaka wa nne, kiangazi, moyo. Alikuwa amekaa, hakuwa amebeba kitu, na hilo liliniliwaza kidogo. Siku ya mazishi fundi cherehani alinipa mkono bila kunitazama usoni. Watu wa kilimani walinistahi kwa ajili ya msiba, lakini nilisikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba huyu ndiye yule wa ramani.

Mwaka wa sita, asubuhi moja isiyo na wingu, simu yangu ililia nikiwa kazini. Alikuwa fundi cherehani, ambaye hakuwahi kunipigia maishani.

"Njoo," alisema. "Njoo sasa hivi."

Nilipofika alikuwa amesimama chini ya kilima, na nyuma yake nusu ya watu wa kule juu. Kwetu haikuwa imenyesha hata tone. Ilikuwa imenyesha kaskazini, siku tatu mfululizo, kwenye ile milima ya kipande cha tatu na cha kumi na moja. Maji yalikuwa yanapita uwanjani. Hayakuwa na kelele nilizozitegemea. Yalikuwa ya rangi ya udongo, mapana, yenye haraka, yakibeba matawi na mlango mzima wa mbao wa mtu nisiyemjua. Vigingi vya safu ya chini na ya pili karibu vyote vilikuwa vimefunikwa. Bomba lilikuwa limelala ubavu.

Nilianza kukisia upana kwa macho, kama nilivyofundishwa, nikilinganisha kichwani na ramani. Yalikuwa yamepita karibu kabisa na tulipoyachora. Nilifika na macho mpaka kwenye kona ya chini, na pale nikakwama.

Palikuwa na kipande cha nchi kavu. Maji yalikifikia, yakagawanyika, yakapita pande zote mbili, yakakutana tena mbele. Kilikuwa kidogo, kama hatua kumi na nne kwa kumi na nne, kimeinuka kiasi cha magoti ya mtu. Miraba yetu ilikuwa ya mita thelathini. Kitu cha ukubwa ule kilimezwa ndani ya namba moja, na hakuna mashine wala barua ambayo ingekiona. Kigingi kilikuwa bado kimesimama juu yake, na mbuzi mmoja.

"Na hapo palipobaki," fundi cherehani aliuliza, "palikuwa pa nani?"

"Namba tisa," nilisema. "Pa shangazi."

Nilimwona akihesabu kimya kimya, midomo ikicheza, safu ya kwanza, safu ya pili, watoto wa hawa, mama wa wale.

"Tungejazana wote pale," alisema. "Kaya arobaini na tatu. Tungemwingilia wote nyumbani kwake."

"Angelalamika," nilisema.